Pua Yangu na Kisanduku cha Wifi

2 Aprili

Mvua imeanza leo, na daftari hili nimelianza kwa hasira.

Asubuhi mdogo wangu alikuja kiwandani na daftari jipya lenye jalada gumu, akampa mkewe mbele yetu sote. "La kuandikia namba za gesi," akasema. Wifi akalipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa cheti. Miaka kumi na mmoja mimi ndiye ninayeangalia gesi ya kiwanda hiki cha maziwa, tangu enzi za baba, na hakuna aliyewahi kunipa hata kipande cha karatasi. Basi nimechomoa daftari hili la zamani lililobaki nusu, nami nitaandika ya kwangu. Kama ni kuandika, hata mimi nilisoma.

Gesi yenyewe ni ya samadi. Tuna ng'ombe ishirini na wawili. Samadi yao inaingia kwenye tangi chini ya ardhi, inachacha humo, na gesi inapita kwenye bomba hadi chumba cha boila, tunapochemshia maji ya kupashia maziwa. Gesi ikivuja halafu mtu akawasha kiberiti, chumba kinaondoka na aliyemo. Kwa hiyo kila alfajiri mimi huingia wa kwanza, napanda kwenye kigoda, nanusa kona zote za juu, kisha namwambia mkamuaji "washa" au "ngoja". Wananiita Pua. Jina hilo nimelizoea, tena nalipenda.

Sasa wifi, ambaye kaolewa juzi tu, miezi minane hata haijatimia, ametengeneza kisanduku cha kunusa.

3 Aprili

Nimekiona. Ni kile kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, hana hata aibu. Ndani kuna kibao cha kijani chenye nyaya, na kwenye tundu la mbele kimechomoza kitu kidogo kilichovaa kofia ya wavu wa chuma. Juu yake kuna kioo kidogo cha kuonyesha namba. Wifi ni fundi simu, mikono yake miembamba, anashika nyaya kama wengine tunavyochambua mchele. Alikuwa akimweleza mama.

"Hiki chenye kofia ndicho kihisi, mama. Hiki ndicho pua. Na hiki cheusi hapa ni kidhibiti, ndiyo akili. Pua ikinusa, akili inasoma namba. Namba ikipita mia nne, taa inakuwa nyekundu na kengele inalia."

Pua, anasema, na mimi nimesimama hapo hapo. Mama akacheka, akasema, "Maajabu haya, mwanangu."

Mwanangu. Mimi niliyetoka tumboni mwake ananiita "wewe".

4 Aprili

Eti kisanduku hakiwezi kuanza kazi mpaka kikae kwenye umeme siku mbili kipate joto. Kinabembelezwa kuliko mtoto mchanga. Mimi sijawahi kupashwa moto na mtu.

5 Aprili

Mvua. Hakuna jipya.

8 Aprili

Leo ndiyo siku yenyewe, na lazima niiandike jinsi ilivyokuwa.

Wifi aliingia chumba cha boila na nyundo, msumari na kisanduku chake. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta. Magoti yanamsumbua msimu huu, na kuta za chumba kile hukaa na joto la jana, kwa hiyo siku hizi anaamka na sisi na kuketi humo hata kabla moto haujawashwa. Mdogo wangu alikuwepo, na mkamuaji mlangoni na ndoo zake.

Wifi akapiga magoti, akakiweka kisanduku ukutani, kama shibiri mbili kutoka sakafuni. Akageuka, akanitazama mimi, si mumewe.

"Wifi, hapa panafaa?"

Nikauliza kwa nini chini vile. Akasema kwenye duka alikojifunzia walivifunga hivyo kwenye majiko ya watu, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito, inashuka na kutambaa sakafuni.

Ya mtungi, ndiyo. Yetu haishuki. Yetu ni nyepesi, inapanda darini na kujikusanya kwenye kona, na ndiyo maana mimi nina kigoda. Ndiyo maana baba alitoboa kile kidirisha juu, karibu na paa. Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua.

Mama akasema, "Mwache mwanangu afanye kazi yake, wewe usimvuruge."

Nikamtazama wifi amepiga magoti, na msumari mdomoni, anasubiri jibu langu kama kwamba anajali.

"Wewe ndiye fundi," nikamwambia.

Akapiga msumari.

Usiku nimejihesabia haki. Mimi nitaendelea kunusa juu kila alfajiri, kwa hiyo hakuna atakayedhurika. Siku gesi itakapovuja, pua yangu itasema na kisanduku kitakaa kimya na taa yake ya kijani, na wote wataona. Siku moja tu. Sitaki zaidi ya hapo.

9 Aprili

Nimenusa, safi. Kisanduku kinasema 147. Wifi ameandika kwenye daftari lake jipya kwa kalamu nyekundu.

11 Aprili

Mkamuaji amezoea haraka, msaliti huyu. Akiingia anainama kwanza kutazama taa, ndipo ananitazama mimi niliye juu ya kigoda. "Pua, umepata msaidizi," ananiambia. "Tena huyu hali wala hanuni."

Nikamwambia akamue ng'ombe.

14 Aprili

Leo nilinusa kitu. Kidogo tu, ile harufu ya yai bovu, kwenye kona ya juu ambapo bomba linaungana. Nikasema "ngoja". Nikafungua kidirisha kwa fimbo. Mdogo wangu akainama kwenye kisanduku, akasema, "Mia moja hamsini na moja. Salama." Nikasema tena "ngoja". Tukangoja dakika ishirini, maziwa yakachelewa, gari la kuyachukua likapiga honi nje.

Harufu ikaisha, moto ukawashwa, hakuna kilichotokea. Ndipo mdogo wangu akasema, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionikata maini: "Dada, labda pua nayo inachoka. Si vibaya."

Wifi ndiye aliyenitetea. Hilo nalo liliniudhi. "Msimdharau dada," akasema. "Huenda kisanduku ndicho chenye kasoro. Wifi, ulinusia wapi hasa?"

Ningesema "juu", yote yangeisha pale pale.

"Humu chumbani," nikasema. "Wapi pengine?"

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nikaenda kuosha makopo, nikayaosha mawili mara mbili.

15 Aprili

Mvua. Njia ya zizini ni tope tupu.

17 Aprili

Mama analalamika kwamba upepo wa kidirisha cha juu unamwingia mgongoni. Wifi akakata kipande cha mpira, akapanda kwenye kigoda, kigoda changu, akakiziba. Nikasema kidirisha hicho hakizibwi, tangu baba hakijazibwa.

"Kwa nini?" akauliza mdogo wangu.

Kumweleza kwa nini ni kueleza kwamba gesi inapanda, na kueleza hivyo ni kueleza tarehe nane. Nikasema, "Baba hakupenda."

"Baba hakuwa na kisanduku, dada."

Mama amelala vizuri leo, anasema mgongo umetulia. Anamshukuru wifi mpaka inachosha.

20 Aprili

Mvua ilitukamata wawili ghalani, mimi na wifi, tukakaa juu ya magunia kusubiri ipungue. Sikutaka mazungumzo. Yeye akaongea tu. Alisema alipoanza kujifunza ufundi, miaka miwili ya kwanza hawakumpa chombo hata kimoja. Alifagia duka na kuleta chai. Alijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya wanaume.

"Ndiyo maana mengi nayajua nusu nusu," akasema. "Wewe hakuna aliyekuficha kitu. Natamani ningekuwa na pua yako. Kisanduku changu kinanusa namba tu. Wewe unajua hata ni mkojo wa ng'ombe gani."

Nikacheka kabla sijajizuia. Kisha nikakumbuka kwamba nina hasira naye.

Hivi anajipendekeza au ndivyo alivyo? Miezi minane sijui. Kilichonisumbua ni lile neno "kuficha". Halikutoka kichwani hadi sasa ninapoandika.

22 Aprili

Mafua. Nimelowa sana wiki hii.

23 Aprili

Sikusikia harufu ya sabuni leo. Nilidhani sabuni imekwisha nguvu. Nikanusa kitunguu, hamna. Nikaenda zizini kwenyewe, nikasimama juu ya mfereji wa samadi, nikavuta pumzi kwa nguvu. Hamna. Kama kunusa glasi ya maji.

Nilipaswa kusema. Lakini tangu ile siku ya "pua nayo inachoka", ningesemaje? Ningempa mdogo wangu furaha hiyo? Nikapanda kwenye kigoda kama kawaida, nikageuza kichwa huku na huku kama kuku, wote wakinitazama. Mama kwenye kiti. Mkamuaji na kiberiti mkononi.

"Washa," nikasema.

Alipokuwa akikwaruza kijiti niliona mkono wangu umeshika bomba hadi kucha zimekuwa nyeupe. Moto ukawaka, mzuri, wa buluu. Nikashuka, nikakirudisha kigoda mahali pake.

24 Aprili

Pua bado. Nimesema "washa" tena. Mungu anisamehe.

25 Aprili

Nitaandika sasa hivi, kesho nitajidanganya.

Mvua ilipiga tangu jana mchana bila kupumzika. Alfajiri tulikuta ardhi nyuma ya chumba cha boila imetitia, na ukuta una ufa mpya kutoka chini hadi kwenye bomba. Mdogo wangu akasema atamwita fundi mwashi mvua ikikatika. Mama alikwisha kuketishwa kwenye kiti chake, blanketi magotini. Wifi alikuwa amechutama kwenye kisanduku na daftari lake jipya.

"Mia moja hamsini na mbili," akasema. "Kijani."

Mkamuaji akatoa kiberiti. Halafu akasema, kama mtu anayejisemea tu, "Lakini jana jioni moto ulikuwa mdogo. Unawaka, unanywea. Kama gesi inaishia njiani."

Nilikuwa tayari juu ya kigoda. Nilivuta pumzi na sikusikia chochote, na kwa mara ya kwanza kutosikia chochote kulinitisha. Gesi inaishia njiani. Njia yenyewe ni bomba, na bomba lilikuwa hapa usoni pangu, limevutwa na ukuta, kiungo chake kimepinda. Kidirisha kimezibwa. Na pale chini taa ya kijani inawaka, na mama anajisugua goti.

"Haya, Pua," akasema mkamuaji. "Niwashe?"

Nikasema ngoja.

"Unanusa?" akauliza mdogo wangu.

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Ningesema ndiyo, wangenisikiliza, na heshima yangu ingebaki. Lakini wangeniambia kama ile siku nyingine, kwamba kisanduku kinasema salama, gari linakuja, washa. Hawakuwa na sababu ya kuniamini, na mimi ndiye niliyewanyima.

"Sinusi kitu," nikasema. "Nina mafua. Tangu juzi sinusi kitu."

Wote walinitazama. Nikashuka, nikamsogeza wifi kwa bega, nikaking'oa kisanduku kwenye msumari wake. Akasema, "Wifi, unafanya nini?" Nikapanda tena kwenye kigoda, waya wake wa umeme ukining'inia hadi kwenye soketi, nikakiinua juu ya kichwa changu hadi kwenye ile kona.

Wifi alikuwa akisoma namba kutoka chini, sauti yake ikibadilika. "Mia na sitini. Mia mbili na kumi. Mia tatu tisini." Halafu kisanduku kikaanza kulia mikononi mwangu, taa nyekundu, kilio chembamba kisichokata pumzi.

Mkamuaji alitumbukiza kiberiti chote kwenye ndoo ya maji. Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa, nikamwambia, "Usiguse swichi. Mtoe mama." Wakambeba na kiti chake, yeye na mkamuaji, blanketi likiburuta kwenye tope. Wifi akakimbilia nje kufunga koki ya bomba kubwa. Mimi nikang'oa ule mpira wa kidirisha kwa kucha, kisha nikatoka.

Tulisimama kwenye mvua, watu watano, tunatazama chumba kitupu. Mama aliuliza mara mbili kama maziwa yataharibika.

26 Aprili

Maziwa ya jana tuliyamwaga. Fundi bomba amekuja kubadilisha kiungo.

Jana mchana, tulipokwisha kubadili nguo, mdogo wangu alimgeukia mkewe. Sijawahi kumsikia akisema naye vile. "Ulikiweka chini. Siku zote hizi kilikuwa chini. Mama yangu alikuwa amekaa pale." Wifi alisema tu, "Nilidhani inashuka. Nilidhani zote zinashuka." Mama, yule mama wa "mwanangu", akageuza uso dirishani. Mkamuaji akasema kama si mimi leo wangekuwa wanachimba kaburi.

Nimepata nilichokitaka. Siku moja tu, nilisema, nami nimepewa yote, na shukrani juu. Wifi alikwenda kukaa peke yake ghalani, kwenye yale magunia. Nilikunywa chai yangu na haikuwa na ladha, na hilo si la mafua.

27 Aprili

Wifi ameingia chumbani kwangu asubuhi. Macho yamevimba, lakini amebeba daftari lake. Hajaja kulia, amekuja kazini.

"Wifi, nataka kukirekebisha kabla sijakifunga upya," akasema. "Namba zangu ninazo, lakini sijui siku zipi kweli kulikuwa na harufu. Huwa nakuona ukiandika. Unaandika ulichonusa, siyo? Niazime nilinganishe siku kwa siku."

Nikamwambia nitatafuta lilipo. Liko chini ya mto wangu, ninalijua lilipo kuliko ninavyolijua goti langu.

28 Aprili

Ningeweza kunakili siku za harufu kwenye karatasi nikampa hiyo. Nimeanza hata kunakili. Ni mistari michache tu. Nimeichana.

Wifi, siku ulizoziomba zimo humu. Nimekunja ukurasa wa tarehe nane, anza hapo. Kisha soma ya kumi na nne, na ya ishirini na tatu usiiruke. Utakuta na mengine niliyokusema. Niliyaandika nina kijiba cha roho, lakini ni mimi niliyeyaandika, na sitayafuta.

29 Aprili

(Naandika kwenye karatasi, nitaibandika.) Sikungoja amalize kusoma. Nimemwambia mdogo wangu mwenyewe, mbele ya mama, kwamba nilijua inapanda, na mkewe aliniuliza nikanyamaza. Mdogo wangu alitoka nje. Mama alikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Na mimi nilikuwa nimekaa pale," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaomba nimwitie mkwewe.

2 Mei

Daftari limerudi. Nimelikuta mlangoni, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki lisilowe.

Amelifanyia kazi kweli. Pembeni ya kila tarehe tangu kisanduku kifungwe ameandika namba yake kwa kalamu nyekundu. 147. 149. 151. Pale nilipouliza kama anajipendekeza, namba tu. Tarehe nane hakuna namba. Ameandika, "Siku hii nilikuuliza." Kwenye ya kumi na nne, "Na hii." Kwenye ya ishirini na tatu hakuandika kitu.

3 Mei

Hasemi nami. Akinipa kopo analiweka chini, mimi nalichukua. Pua imefunguka kidogo, nasikia samadi.

5 Mei

Mvua imepungua. Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikasikia hodi, na hakuna mtu wa nyumba hii anayenipigia hodi. Ni wifi, na kisanduku kwapani, nyundo mkononi.

"Njoo unishikie ngazi," akasema.

Nikamfuata hadi chumba cha boila. Kidirisha kiko wazi, na kiti cha mama kimehamishiwa jikoni. Akaegemeza ngazi, nikaishika kwa mikono miwili, akapanda. Nilikuwa naona nyayo zake tu na pindo la gauni. Akakiweka kisanduku ukutani.

"Wifi," akasema bila kugeuka, na msumari mdomoni. "Hapa panafaa?"

"Hapana," nikasema. "Panda juu kidogo."

Akapanda.